Siku Tisa na Neno Moja la Kiingereza

Ninyi mnaonipitia hapa kila asubuhi na madaftari yenu ya Kiingereza, mnaniamkia shikamoo wakati miguu imeshapita, hebu simameni leo. Nimesikia wengine mnataka kuongoza watalii kule mbugani, wengine ukarani. Na binti wa jirani yangu juzi kaniambia anataka ukalimani, kazi yangu mwenyewe. Nilicheka, halafu nikafumba macho, naye akadhani mzee amesinzia. Sikusinzia, binti. Kuna neno nilikuwa nalikumbuka, na kila nikilikumbuka chakula hakipiti vizuri kooni.

Mimi ni Mkurya wa Itiryo. Niliingia kazi ya ukalimani wa korti miaka ya hamsini, Mwingereza akiwa bado anatawala, nikiwa kijana mwembamba mwenye suruali moja ya kaki na kiburi cha kuwatosha watu wanne. Nilikuwa nimesoma shule ya misheni mpaka Kiingereza kikaanza kunitoka hata ndotoni. Nyumbani mama yangu akiniita kwa Kikurya, mimi namjibu "yes". Alinipiga na mwiko siku moja, na mpaka leo nasema alifanya vizuri.

Kabla yangu, mkalimani wa pale alikuwa Mzee Nyamhanga. Yeye Kiingereza hakukijua hata cha kuombea maji. Alikuwa anatoa Kikurya anaingiza Kiswahili, anatoa Kiswahili anaingiza Kikurya, na Mabwana Shauri wa zamani, ndio hao maofisa wa Kizungu waliokuwa wakisikiliza kesi, walikuwa wanajua Kiswahili cha kutosha. Halafu akaja Bwana Shauri mpya, kijana, uso umeungua jua, Kiswahili chake cha kununulia mayai. Huyo ndiye aliyetaka mtu wa Kiingereza. Basi mimi nikawekwa mbele, Mzee Nyamhanga akawekwa kwenye benchi nyuma yangu anifundishe kazi.

Na alinifundisha kweli. Alisema mtu akizungumza usimwangalie mdomo, mwangalie mikono, kwa sababu Mkurya anasema nusu na mikono inamalizia. Alisema usifungue kinywa kabla mtu hajameza mate, maana akimeza mate ndipo ameshamaliza. Alisema shahidi akisema "mimi", na wewe sema "mimi", usianze na "anasema kwamba, anasema kwamba" kama mmbea wa kisimani. Na akasema jambo moja nililoliona la kijinga wakati ule: usipojua neno, nyosha mkono, sema hulijui. Mimi ninyoshe mkono? Mbele ya mzungu? Nilimwona mzee wa watu hana elimu, basi.

Ngojeni niwachekeshe kidogo kabla sijafika huko ninakokwenda. Mwezi wangu wa kwanza tulitembea na Bwana Shauri kwenye baraza, tukafika kwa mzee mmoja mwenye mji wake, ugali wa mtama ndio kwanza unaepuliwa. Mke mkubwa wa mzee akamwona mzungu anaingia, akacheka, akamwambia, "Mama mkwe wako anakupenda!"

Ninyi mnaijua hiyo. Mtu akifika chakula kinatengwa, ndivyo anavyoambiwa. Mimi kwa haraka zangu nikageuka nikasema kwa Kiingereza, neno kwa neno, Bwana, huyu mama anasema mama mkwe wako anakupenda. Mzungu akawa mwekundu mpaka masikio. Akaniambia, "Mwambie mimi sijaoa." Nikamwambia. Wee! Wanawake walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Wakaanza kumtafutia mchumba pale pale, na maskini ya Mungu yeye anauliza kitu gani kimetokea.

Njiani Mzee Nyamhanga akanisogelea. "Mura," akaniambia, ndivyo wazee wetu wanavyomwita kijana, "yule mama alisema umefika wakati wenyewe. Wewe umemletea mzungu mkwe. Siku nyingine utamletea mtu jela."

Nilikasirika. Usiku ule nilichukua daftari nikaandika kichwa cha habari, Maneno ya Kufika kwa Wakati. Nikaanza kuyawinda. Wazungu wana maneno mengi ya jambo hilo, jamani. Kuna "lucky", hilo la mtu mwenye bahati. Kuna "chance". Kuna "just in time", hilo la mtu aliyefika pembeni kidogo tu ya kuchelewa. Kuna "timely". Na siku moja mvua ilinyesha mapema, Bwana Shauri akasimama dirishani akasema hii ni "opportunity" nzuri kwa watu kupanda. Ah! Nililipenda neno hilo. Refu, zito, linajaza kinywa. Nikaliandika chini ya yote nikalipigia mstari mara mbili, na pembeni nikaandika kwa Kiswahili: wakati mzuri. Nikawa natembea nalo siku nzima natafuta mahali pa kulitua.

Wiki hiyo hiyo ikaja kesi ya Magige wa Kerende.

Magige alikuwa mtu wa makamo, mkulima, ana ng'ombe wachache, anaishi na mke wake na mama yake mzazi. Ng'ombe walikuwa wameibwa Busawe, ng'ambo ya Mto Mara, na wezi wakawavusha kuja upande wetu. Wenye ng'ombe wakafuata nyayo. Zamani zile nyayo ndizo zilizokuwa polisi wetu, zinapoingia mji wa mtu huyo ndiye anajibu. Nyayo zikavuka mto, zikapanda kilima, zikaingia zizi la Magige. Na ng'ombe watatu wakakutwa mle ndani, wamelishwa na kunyweshwa.

Magige akasimama kortini, akaeleza kwa Kikurya bila kubabaika. Alikuwa mtoni alfajiri. Akasikia yowe la wafuatiliaji kule ng'ambo, akaona watu wawili wanakimbia wamewaacha ng'ombe kwenye maji, na mto ulikuwa umejaa. Ng'ombe wawili walishachukuliwa na maji. Watatu akawahi. Akawapeleka kwake, akawafungia, akakaa kusubiri wenyewe, kwa sababu wafuata nyayo lazima wafike. Angekwenda wapi tena? Na wakafika kweli, wakamkamata.

Sasa sikilizeni hapa. Mahali alipofika pa wale ng'ombe na mto, alisema kwa Kikurya maneno ambayo Kiswahili chake ni hiki: "Nilifika wakati wenyewe, nikawachukua." Akanyosha mikono yote miwili mbele, kama mtu anayepokea mtoto asianguke. Mikono niliiona. Mzee Nyamhanga alikuwa amenifundisha kuiangalia, na niliiona.

Lakini neno langu lilikuwa limeshafika mdomoni. Nikasema kwa Kiingereza, kwa sauti ya kanisani: niliona "opportunity", nikawachukua ng'ombe.

Bwana Shauri akainua macho. Akaniuliza, ndivyo alivyosema? Nikasema ndivyo, Bwana. Akaandika. Mimi nilidhani ameinua macho kwa kukishangaa Kiingereza changu, na moyo wangu ukajaa furaha. Wallahi, nilifurahi.

Mama yake Magige alikuwa anakaa nje kwenye nyasi siku zote za kesi. Bibi mmoja mdogo, aliyekauka, ana kibuyu cha uji anachomletea mwanawe, amekifunika na jani. Kila nikitoka ananishika shati. "Mura, wewe ndiye mdomo wa mwanangu mle ndani. Anarudi lini?" Namjibu, "Karibuni, bibi." Nilijibu tu, kama mnavyonijibu ninyi nikiwauliza mtakuja lini kunisaidia kupalilia.

Siku ya hukumu Bwana Shauri alisoma Kiingereza, anasimama kila baada ya maneno machache mimi nageuza Kikurya, mshitakiwa asikie. Nikawa naenda vizuri. Akafika mahali akasoma: mshitakiwa kwa kinywa chake mwenyewe amekiri kwamba aliona "opportunity" akachukua ng'ombe wa watu. Akasimama, ananisubiri.

Nikafungua kinywa nilirudishe lile neno Kikurya. Halikukubali kurudi kule lilikotoka. Katika hukumu ile, penye ng'ombe wa watu, lilikuwa limekuwa neno la mtu aliyevizia. Lile la Magige lilikuwa la mtu aliyewahi. Nikatafuta, nikatafuta. Mwisho nikasema kwa Kikurya yale yaliyoandikwa: umekiri kwamba ulivizia, ukapata nafasi, ukachukua ng'ombe.

Magige akanitazama mimi. Hakumtazama mzungu. "Sikusema hivyo," akasema. "Nani amesema hivyo?"

Kazi yangu ilikuwa kumgeuzia Bwana Shauri swali lile. Maneno matatu tu. Bwana Shauri akaniuliza, anasema nini? Nyuma yangu nikasikia benchi la Mzee Nyamhanga linalia, amesimama. Lakini yeye Kiingereza hakijui, hakujua nilichosema mwanzo wala nitakachosema sasa.

Nikamwambia Bwana Shauri, anasema hakuridhika.

Ndivyo nilivyosema. Nimeshika kitabu cha Mungu mara ngapi tangu hapo, nimelea watoto, nimezika mke, na bado hakuna neno linaloniuma kama hilo. Kosa la kwanza lilikuwa la ujinga, ningeweza kulisimulia kama lile la mama mkwe tukacheka wote. Hili la pili nililifanya naelewa. Nililinda suruali ya kaki. Magige akapewa miaka miwili na kazi ngumu, akapelekwa jela ya mbali, na alipokuwa anatolewa alikuwa bado anauliza kwa Kikurya, nani amesema hivyo.

Nje yule bibi akanishika shati. Nikautoa mkono wake polepole, nikaenda zangu.

Nilikaa siku tisa. Siku ya kwanza nilijiambia nitasema kesho. Siku ya tatu Bwana Shauri alinisifu mbele ya watu kwa kesi nyingine. Siku ya tano nilijiambia pengine Magige mwizi kweli, nani anajua, ng'ombe si walikutwa kwake? Mtu akitaka kulala anajitungia mambo. Siku ya saba sikuweza tena, nikamfuata Mzee Nyamhanga nyumbani kwake, nikamkuta anasuka kamba ya kufungia ndama. Nikamweleza yote, tangu daftari.

Hakunigombeza. Aliendelea kusuka mpaka kamba ikaisha, akaifunga fundo.

"Leo ya ngapi?" akauliza.

"Ya saba, tata," nikasema, ndiyo baba kwa Kikurya.

"Ulisikia aliuliza swali?"

"Nilisikia."

"Basi hujamaliza kumfasiria. Mtu huyo bado anasubiri." Akaingia ndani, hakunikaribisha.

Mnadhani nilikwenda kesho yake? Sikwenda. Siku ya nane Bwana Shauri alikuwa ameamka vibaya, nikasema ngoja apoe. Hayo ndiyo mambo ya watu wanaosubiri wakati mzuri. Siku ya tisa nikaingia ofisini kwake, nikamwambia: Bwana, mshitakiwa aliuliza swali, sikukugeuzia. Alisema, nani amesema hivyo. Na jibu lake ni mimi.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Nikamwonyesha mikono ya Magige, jinsi alivyoinyosha. Halafu akaniuliza kwa Kiswahili chake kibovu, nadhani alitaka nisiwe na pa kujificha: "Kwa nini hapana sema siku ile?"

Nikasema niliogopa.

Akanieleza kwamba hukumu ikishasomwa haimo tena mikononi mwake, lazima awaandikie wakubwa wake waitazame. Barua akaiandika pale pale, mimi nimesimama. Alipoifunga akasema hii ingekuwa imeondoka siku tisa zilizopita. Hakunifukuza kazi. Alinirudisha benchi la nyuma, Mzee Nyamhanga akarudi mbele na Kiswahili chake, na Bwana Shauri akalazimika kujifunza Kiswahili zaidi ya mayai. Ikawa heri kwa watu wote.

Miezi mitano ikapita. Ndipo jibu likaja, Magige afunguliwe. Nilipolisikia nililia chooni, sioni aibu kuwaambia. Nikajua ametoka, ameshafika kwake. Nikakaa wiki mbili nyingine najikaza, maana uoga ukishazoea nyumba hautoki siku moja, halafu nikaenda Kerende kwa miguu.

Nilifika jua likiwa utosini. Magige alikuwa amekonda, mikono imechubuka kwa mawe, amekaa barazani. Mke wake anatoka jikoni na ugali unafuka moshi, na bakuli la maziwa ya mgando. Magige akaniona, akanitambua. Nilitegemea fimbo. Yeye akatabasamu, mtu huyu, akasema:

"Mama mkwe wako anakupenda. Karibu, nawa mikono."

Alikuwa hajui kitu. Huko jela walimwambia tu hukumu yake imefutwa, aende kwao. Alidhani mzungu ndiye aliyeandika uongo, na kwamba mimi pengine ndiye niliyemtetea.

Nikakaa. Nikatazama huku na huku nikamuuliza, kwa kutafuta tu la kusema, "Na bibi yuko wapi? Sijamwona."

Akaelekeza kidevu pembeni ya nyumba. Udongo ulikuwa bado mwekundu, haujashika majani.

"Alikufa siku sita kabla sijafika," akasema. "Walingoja, wakaona siji, wakamzika. Mimi ndiye mtoto wake wa kwanza. Udongo wa kwanza ulikuwa wa kutupwa na mimi. Ametupiwa na mtoto wa baba yangu mdogo."

Mke wake akasema, "Alikuwa anauliza kila siku. Anasema mkalimani alimwambia karibuni."

Sikuweza kunawa. Nikamwambia, tata, chakula kingoje kwanza, nimekuja kujibu swali lako. Nikamweleza. Daftari, mvua, neno refu, mikono yake niliyoiona nikaiacha, swali lake nililolimeza, siku ya kwanza mpaka ya tisa. Nilisema "mimi" kila mahali, kama nilivyofundishwa. Mke wake alisimama na mwiko mkononi hakutikisika.

Magige alisogeza bakuli la maziwa pembeni. Kisha akasema, "Neno lenyewe ni lipi?"

Nikamtajia.

"Opa..." akajaribu. "Opachuniti." Alilisema taratibu, kama mtu anayeonja kitu asichokijua. "Maana yake?"

"Wakati mzuri unaokujia."

"Sasa si ndivyo nilivyosema?"

"La kwako ni la mtu aliyewahi kuokoa. Mimi nilikutilia la mtu aliyekuwa anatafuta."

Akaitikia kwa kichwa kama ameelewa, au kama amechoka. Akatazama lile kaburi. Nikaona vidole vyake vinatembea juu ya goti, kimoja kimoja, mpaka sita. Vikasimama. Vikaanza tena, vikafika tisa. Alirudia mara mbili. Mimi hesabu ile nilikuwa nimeshaimaliza tangu aliponielekezea kidevu. Najua barua za serikali haziendi sawasawa hivyo, siku ya huku si lazima iwe siku ya kule. Nimejiambia hivyo miaka yote hii.

"Siku tatu ningekaa naye," akasema.

Binti, wewe unayetaka kazi hii, kumbuka kwamba siku hiyo nilikuwa najua Kikurya, Kiswahili na Kiingereza, na vyote vitatu havikunipa neno.

Alikaa hivyo mpaka kivuli cha paa kikahama. Kisha akanisogezea maji ya kunawa. Ugali ulikuwa umepoa, umefanya ngozi juu. Tuliula hivyo hivyo mpaka ukaisha.